Kumtazama Mkubwa Mdomoni

Mimi ni mtu wa kushuku. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilimficha. Hata leo, nywele zimeshakuwa nyeupe na Mjerumani ameshaondoka zamani, mtu akilisifia shamba langu la maharage najiuliza kama anataka mbegu au anataka kulala kwangu. Mke wangu husema nina jicho la pembeni kama la kuku. Naye simwamini sana.

Nimezaliwa hivyo, na wakati wa Mjerumani haukunisaidia. Ilikuwa enzi ambayo akida wa serikali anakuja kwenu anacheka, anakunywa maji, anauliza habari za watoto, na kesho yake mjomba wako yuko njiani kwenda kubeba mataruma ya reli. Treni ilikuwa imeshafika Morogoro na reli inasogezwa kwenda bara. Juu milimani kwetu watu walikuwa wakisikia mluzi wake wanauliza leo kachukuliwa nani. Katika hali hiyo mimi nikashuka mwenyewe, kwa miguu yangu, kwenda misheni upande wa Bigwa kusomea ualimu. Mama yangu aliniambia nimejipeleka mdomoni mwa fisi. Nikamwambia fisi huyu anafundisha kuandika.

Tulikuwa vijana sita. Asubuhi tulijifunza kuandika ubaoni mstari ulionyooka, na alasiri kila mmoja alipewa watoto awafundishe, Padre akiwa amekaa nyuma na daftari lake. Padre huyu alikuwa Mjerumani wa kweli, ndevu hadi kifuani, Kiswahili anakijua vizuri kuliko akida. Mwisho wa mwaka alikuwa anaandika cheti. Ukiwa na cheti unakuwa mwalimu, na mwalimu habebi mataruma ya mtu.

Padre alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Kwao alikuwa na dada aliyezaliwa kiziwi, na huko walikuwa na shule ya viziwi, ambako dada yake alifundishwa kusema kwa mdomo. Akimtazama mtu midomo anajua anasema nini, kisha anajibu kwa sauti. Alitusimulia hayo mpaka machozi yakamtoka, nasi tukatazama chini kwa aibu ya kumwona mzee analia.

Basi Jumapili moja akamwona kanisani mtoto wa kike wa kama miaka tisa hivi, hasikii wala hasemi, amekuja na bibi yake. Nilimjua. Alitoka kijiji cha jirani na kwetu, juu kabisa, pale maji yanapoanguka kutoka mwambani. Mama yake alikufa naye akiwa angali mgongoni, na aliyemlea ni huyo bibi. Padre akamwomba bibi amwache misheni asomeshwe. Bibi akasema mwenye kauli ni mjomba, na kweli, kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho.

Mjomba akaja. Akaizunguka nyumba ya shule kama anayetaka kuinunua. Akaniuliza pembeni, kwa Kiluguru, mzungu anamtakia nini mtoto asiyesikia. Yeye alikuwa na fikra zake: kwamba Mjerumani anawatafuta viziwi ili wamfanyie kazi za siri, kwa kuwa hawawezi kwenda kusimulia. Nikamwambia sidhani. Lakini mimi mwenyewe usiku ule nililifikiria jambo hilo sana.

Mwisho wakapatana mbele yangu. Mtoto atakaa misheni kwa masista mpaka kiangazi, atakapokuja mkubwa wa mapadre kutoka pwani kukagua shule. Siku hiyo mkubwa atamuuliza mtoto kwa mdomo. Akijibu, anabaki kusoma mpaka amalize. Asipojibu, mjomba anamchukua kwenda kukaa shambani kufukuza nyani, kazi ambayo kwetu ndiyo waliyoona inamfaa mtu kama yeye, mpaka atakapozeeka.

Padre alianza kumfundisha mwenyewe. Alimkalisha mbele yake, akampanulia mdomo, aa, oo, mama, papa. Mtoto alikaa kimya, macho sakafuni. Padre akimshika kidevu, macho yanakwenda dirishani. Wiki nzima ikapita hivyo. Padre akaanza kusema labda mtoto huyu akili yake nayo ina kasoro. Siku ya Jumamosi, kwa kuchoka, akaniita mimi kwa kuwa ni mtu wa huko kwao, akaniambia nijaribu.

Nilipoingia, mtoto akaninyang'anya kofia. Akaivaa, akatembea chumba kizima mabega yamepinda, shingo inageuka kila hatua kutazama kama kuna anayemfuata. Ndivyo nitembeavyo. Padre alikasirika, mimi nikacheka, maana ukoo wake na wangu ni watani tangu kwa mababu. Mtani anakuvua kofia, anakutukana mbele ya wakwe, anakula ugali wako, na huna la kusema. Nami nikamwita bibi kizee asiye na meno. Alinitazama usoni, mdomoni hasa, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ile ile akatamka neno la kwanza. Padre akaniwekea mkono begani, akasema, "Mwanangu, una kipaji."

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi ninayeshuku kila kitu, sifa ile niliimeza kama asali wala sikujiuliza imetoka wapi. Kwa nini ananitazama mimi na Padre hamtazami, mtoto yule yule, chumba kile kile? Nilijibu moyoni kwamba ni kipaji. Mungu anisamehe.

Padre alinionyesha njia za kwao. Unawasha mshumaa mbele ya mdomo wa mtoto. Akitamka pa sawasawa, moto unatikisika. Unauweka mkono wake kooni mwako asikie koo linavyotetemeka, kisha kooni mwake. Kwa ka, unaukandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Mjomba alikuja siku moja akakuta mshumaa unawaka mchana mbele ya mdomo wa mtoto, na mimi nina kijiko. Alimfungua mtoto mdomo, akamkagua meno yote na chini ya ulimi. Kisha akaninusa mikono. Sikumlaumu, ningefanya hivyo hivyo.

Jambo lililonitesa ni mikono. Padre alikataza mikono kabisa. Alisema mikono ni adui wa ulimi. Kiziwi akiruhusiwa kusema kwa mikono hatautafuta mdomo tena. Mtoto alikalishwa juu ya viganja vyake, na mimi nikaapa mbele ya msalaba. "Nikikukuta unatumia mikono, cheti huna," Padre akaniambia, "na mtoto harudi kwako."

Sasa mikono ile ndiyo lugha yetu. Kwetu juu maji yanaunguruma usiku na mchana, nyumba nyingine ziko upande huu wa bonde na nyingine upande ule. Ukiita, sauti yako inamezwa na maji. Kwa hiyo tangu zamani watu wa pale husemezana ng'ambo kwa mikono: nyani wamekuja, leteni moto, mgonjwa amepata nafuu, akida huyo anapanda. Bibi wa mtoto alikuwa pia na kaka yake kiziwi, basi nyumbani kwao mikono ilikuwa mingi zaidi, mpaka visa na masengenyo. Mtoto hakuwa bubu hata kidogo. Alikuwa na maneno kuliko mimi. Hata jina alinipa: vidole viwili jichoni, kisha vinakimbilia pembeni. Jicho la pembeni. Mke wangu amekuja kulikuta tu.

Nilijaribu kutii, mnielewe. Mwezi mzima nilimfundisha kwa mshumaa tu. Siku moja akatamka mama, vizuri kabisa, moto ukasimama pale ulipotakiwa kusimama. Akafurahi, akarudia, mama, mama, kama anayepuliza jivu. Ndipo nikagundua hajui anasema nini. Kwake ni pumzi tu ya kumpendeza mwalimu. Nikatazama mlangoni, nikatoa mikono, nikamwambia: huyo aliyekubeba mgongoni, aliyekufa.

Akauzima mshumaa kwa kidole. Siku hiyo yote alikaa ameweka mkono kooni mwake, pale neno lilipotokea. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la masista, na sioni haya kusema.

Tangu hapo nikawa mwongo. Mbele ya Padre, mshumaa na kijiko. Padre akitoka, mikono. Neno linaingia kwa mikono, linatoka kwa mdomo, linakaa kwenye kibao kwa kalamu ya jiwe. Mtoto akapaa. Aliandika maji, jiwe, kuku, nyani, aliandika kwa mkaa hata kwenye chungu cha bibi yake alipokuja kumtazama, na bibi akakificha chungu kile asikipikie tena. Mimi nikashuku na hilo. Nikasema mtoto anajifunza upesi mno, huenda anasikia na anatuchezea. Nikaangusha sufuria nyuma yake. Akageuka. Nikapandisha hasira mpaka masikio yakawaka. Yeye akainua mguu wake, akanionyesha unyayo, akaukanyaga ubao wa sakafu: sufuria ameisikia kwa mguu. Kisha akanifanyia jina langu, vidole jichoni na pembeni, akacheka.

Na palikuwa na yule mwenzangu wa Bagamoyo. Alikuwa mmoja wa sisi sita, kijana wa pwani, Kiswahili chake laini, kanzu haina doa. Kazi yake alasiri ilikuwa kufagia uwanja, na kila mara ufagio wake ulimleta chini ya dirisha langu. Kila nikitoa mikono, baada ya muda nasikia amekohoa. Na kila akikohoa, haupiti muda Padre anaingia. Mara moja ningesema bahati. Mara ya nne nikajua. Mtu anakohoa, mzungu anakuja; hapo unahitaji ushahidi gani tena? Anamwita. Anataka nifukuzwe, watano wagawane nafasi.

Nilimchukia barabara. Niliacha kumwamkia asubuhi. Nilimwaga wino wake nikasingizia mbuzi. Akinipa chumvi mezani nilikuwa naionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Yeye aliniangalia tu kwa mshangao, na mshangao ule nao niliuhesabu kuwa ni uigizaji.

Kiangazi kikaingia, na mkubwa akaja. Alikuwa mzee mrefu, kanzu nyeupe, ndevu nyeupe, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi hata baada ya vumbi lote lile la kutoka stesheni. Darasa likafagiwa. Mjomba akaja na bibi, wakaketi kwenye benchi la nyuma, bibi amevaa kaniki mpya. Mimi niliwekwa kando ya ubao. Padre akaketi mbele, pembeni ya mgeni. Dirishani nje, ufagio ukaacha kufagia. Nilijua ni nani amesimama pale.

Mtoto alikuwa tayari. Nakuapia alikuwa tayari. Asubuhi ile ile nilimuuliza kwa mdomo tu, bila mkono, bila kunong'ona, maswali yote matatu aliyoyapanga Padre, akajibu yote kwa sauti na akayaandika. Nilimwambia leo ukijibu hivi, hakuna nyani tena. Akanijibu kwa mikono kwamba nyani watamkumbuka.

Akaitwa mbele. Akapiga goti mbele ya mgeni, kama mtoto wa watu, akainamisha kichwa. Mgeni akainua yai. "Hii ni nini?" akasema, akipanua mdomo vizuri jinsi alivyoelekezwa.

Mtoto alikuwa anatazama viatu.

Mgeni akarudia. Mtoto akatazama viatu. Padre akainuka, akamwinua kidevu kwa kidole, na mtoto akafumba macho. Kule nyuma nilimsikia bibi anamnong'oneza mjomba, kwa sauti iliyojaa furaha, kwamba wameona, misheni haikumharibu, mtoto bado ana adabu. Na mjomba akaitikia kwa kichwa.

Nilielewa yote kwa pamoja, wakati hayasaidii tena. Kwetu mtoto hamkodolei macho mkubwa. Kumtazama mzee mdomoni anaposema ni kumtukana, ni kama kumwambia naona meno yako mabovu. Mtani ndiye peke yake unayeweza kumtazama upendavyo. Miezi yote ile mtoto alikuwa anasoma mdomo wa mtani wake. Padre wetu ni mgeni wa nchi, hakujua, anayo haki ya kutojua. Lakini mimi ni Mluguru, nimepigwa makofi nikiwa mdogo kwa kosa hilo hilo, na sikuwahi kumfundisha mtoto kwamba leo, kwa mzee huyu, ruksa.

Yeye mwenyewe aliona kuna jambo. Akageuza uso kidogo upande wangu. Mikono yake ilikuwa mapajani, na pale chini, kwa vidole viwili tu, akaniuliza: nimtazame?

Ilitakiwa ishara moja. Kidole kimoja kunyooka. Nilihisi macho ya Padre kwenye mikono yangu. Nilihisi yule wa Bagamoyo dirishani, amenyamaza, hakohoi, na nikaona kwamba leo hakohoi kwa sababu anataka niingie mtegoni mwenyewe. Nikafikiria cheti. Nikafikiria mataruma. Nikaiweka mikono yangu nyuma, nikaifunga mmoja kwa mwingine.

Akauliza tena. Nimtazame?

Nikageuka nikatazama ubao. Pale ubaoni nilikuwa nimeandika tarehe, mstari umenyooka sana.

"Basi, inatosha," mgeni akasema kwa upole, na akaliweka yai mezani. Mjomba alikuwa ameshasimama. Mtoto alitoka na kibao kwapani, na Padre akakichukua mlangoni kwa kuwa kilikuwa mali ya misheni. Hakukivuta kwa nguvu. Mtoto alimwachia, akakitazama, kisha akamfuata mjomba kwenye njia ya mlimani, na mimi nilikuwa bado nimefunga mikono nyuma.

Alasiri ile nilikuwa nimeketi kisimani. Yule wa Bagamoyo akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Ndugu yangu," akasema, "mbona hukumwonyesha?"

Nikamuuliza nimwonyeshe nini, upate cha kupeleka.

"Nipeleke wapi?" Hakuelewa. "Padre alikuwa anamtazama mgeni wake, nilimwona vizuri kutoka dirishani. Angekugeukia ningekohoa, kama siku zote. Nikikohoa unaficha mikono, Padre anaingia anakuta mshumaa. Nilidhani tunaelewana."

Nilitamani kumpiga. Halafu nikatamani anipige yeye. Miezi mitano mtu yule alikuwa amesimama juani na ufagio akinilinda, na mimi ninaonja chumvi yake. Nikamwomba radhi ya wino. Akasema alijua si mbuzi, mbuzi gani anafunika chupa akishamwaga.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Padre nikamweleza yote: macho, adabu, utani, na mikono yangu pia. Alinisikiliza ameshika ndevu. Akaniambia kwao hakuna adabu ya namna hiyo, na kwamba neno limeshaandikwa na mkubwa, yeye hawezi kulifuta. Kisha akasema kwa kuwa nimekiri hatanifukuza. Cheti nilikipata. Kina muhuri wa tai, ninacho mpaka leo, na panya amekula pembe moja.

Nilipangiwa kufundisha Mlali. Kabla ya kwenda nikapanda juu kwenye maji. Mjomba, niliyemkuta njiani, hakunitania hata neno moja, na mtani asiyekutania amekwisha kukuweka mbali. Akaniambia mtoto yuko ng'ambo, kwenye mahindi.

Nikasimama juu ya jiwe upande huu. Maji yalikuwa yanaunguruma kama kawaida. Nilimwona, ana fimbo ya kufukuzia nyani, amekuwa mrefu. Naye akaniona. Nikafanya jina langu, vidole jichoni na pembeni, nikasubiri anirushie tope au atembee kama mimi, mabega yamepinda. Nilikuwa tayari nimeshaanza kucheka.

Akaweka fimbo chini. Akapiga goti juu ya jiwe lililolowa, akainamisha kichwa.

Mtani hampigii mtani goti. Nikamwambia kwa mikono inuka, ni mimi. Nikamwambia kosa ni langu, nilijua jibu na sikukupa, niliogopa. Nikamwambia nitarudi na kibao. Nilisema mengi, mikono yangu yote miwili hewani, na pale mtu anayetazama chini huwezi kumwambia kitu, na kuita ni bure.

Alibaki vile vile, macho kwenye jiwe, akisubiri mkubwa apite. Nikapita.